Nairobi hadi New York kwa ndege: mwongozo kamili wa kupima umbali na kujua muda halisi wa safari

Ukiuliza mtaani Nairobi hadi New York ni mwendo wa saa ngapi kwa ndege, utapata majibu matatu na yote yana ukweli ndani yake. Wa kwanza atasema saa saba, maana alipaa karibu na usiku wa manane akatua alfajiri. Wa pili atasema kumi na tano. Wa tatu, aliyepitia Doha, atakwambia siku nzima na bado hujafika kwa mwenyeji. Wa kwanza kasoma saa ya ukutani, wa pili kahesabu muda wa kukaa kwenye kiti, wa tatu kahesabu safari yenyewe. Anayepanga likizo, anayempeleka mtoto chuo au anayemtumia mama yake tiketi anahitaji kujua hesabu hizo zote tatu, na kujua ipi inatumika wapi.

Nimeichukua njia hii kwa kuwa ni miongoni mwa zilizo ndefu zaidi ambazo msafiri wa Afrika Mashariki anaweza kuruka bila kutua popote. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliipandisha Kenya daraja la kwanza la usalama Februari 2017, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanza kuruka moja kwa moja kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy kwa Boeing 787-8. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anashukia mahali. Ukiielewa hesabu ya njia hii, ya Dar es Salaam hadi Guangzhou au Mombasa hadi Frankfurt haitakusumbua.

Hatua ya 1: Taja uwanja

Umbali wa ndege hupimwa kutoka uwanja hadi uwanja. Kila uwanja una herufi tatu: Jomo Kenyatta ni NBO, na Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi wa ndege ndogo, ni WIL. New York ina JFK, LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), ambao kwa kweli uko jimbo la New Jersey. Ukitafuta tiketi kwa kuandika jina la mji tu, mtandao utakuchanganyia vyote.

Kwenye kilomita tofauti ni ndogo. Kutoka JFK hadi Newark ni kilomita 33 tu kwa mstari ulionyooka. Lakini kati yake kuna jiji kubwa, madaraja na foleni. Tiketi inayokushusha JFK halafu ikakutaka uunganishe ndege nyingine Newark ni ya kukataa, hata iwe rahisi namna gani.

Hatua ya 2: Pima umbali kwa njia fupi ya juu ya tufe

Ukichukua ramani ya ukutani ukaweka rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari utapita juu ya Nigeria na Mali, kisha uingie Atlantiki. Rula hiyo inakudanganya. Dunia ni tufe, na ramani bapa imelivuta tufe hilo hasa sehemu za kaskazini. Chukua tufe la darasani, bana uzi Nairobi kwa kidole kimoja, uvute mpaka New York ukaze. Uzi utapanda kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, Chad, ncha ya Niger, jangwa la Algeria, Morocco, kisha baharini kupitia karibu na visiwa vya Azores.

Jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka waone uzi: nusu ya safari nzima iko karibu na Marrakech. Ukiwa angani na ramani ya kwenye kiti ikakuonyesha unaiacha Morocco, jua umetumia saa saba na bado hujaanza kuvuka bahari. Afrika peke yake imekula nusu ya njia.

Anayetaka namba bila uzi, simu yenye kikokotoo cha kisayansi inatosha. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja viwili. Kusini na magharibi zinakuwa hasi:

- NBO: latitudo −1.32, longitudo 36.93
- JFK: latitudo 40.64, longitudo −73.78

Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii. Tofauti ya longitudo ni 110.71. Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili; hapa unapata −0.0150. Kisha zidisha cos ya latitudo ya kwanza, cos ya latitudo ya pili na cos ya tofauti ya longitudo, unapata −0.2683. Jumlisha: −0.2833. Bonyeza cos⁻¹ na utaona digrii 106.46. Kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo zidisha: kilomita 11,840, ukiacha vijikilomita vya pembeni.

Kwa maili za kawaida gawa kwa 1.609, utapata kama 7,360. Marubani wao hutumia maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852, kwao safari hii ni maili 6,390 hivi. Ukikuta vyanzo viwili vinatofautiana sana, mara nyingi kimoja kimesema maili na kingine kilomita, wala hakuna aliyekosea.

Kwa anayeanzia Dar es Salaam, mstari wa moja kwa moja hadi JFK ni kilomita 12,440. Hakuna ndege inayoufuata bila kutua, ila namba hiyo inasaidia kujua kituo gani kinakuzungusha na kipi kiko njiani. Tutaifikia hesabu hiyo.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za abiria zikishafika juu huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Usigawe kwa 900 ukadhani umemaliza. Kuna kupanda, kushuka, kuzunguka ukisubiri zamu ya kutua, na kutembea ardhini kutoka lango hadi njia ya kurukia. Kanuni ninayotumia ni nyepesi: gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Tuijaribu kwanza kwenye njia zinazojulikana. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita 670: kugawa kwa 850 kunatoa dakika 47, ongeza 30, unapata saa 1 na dakika 17. Ndivyo ilivyo. Nairobi hadi London Heathrow ni kilomita 6,840: saa 8 na kidogo, ongeza nusu, saa 8 na nusu. Ratiba huandika kati ya hapo na tisa.

Sasa New York: 11,840 kwa 850 ni saa 13 na dakika 56. Ongeza nusu saa, unafika saa 14 na dakika 26. Huo ni wastani wa kwenda na kurudi. Kwenda kunazidi hapo. Kurudi kunaweza kupungua. Sababu ni upepo.

Hatua ya 4: Weka upepo, mwinuko na mipaka iliyofungwa

Huko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini mkondo mmoja unaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Ndege inayokwenda Marekani inaupokea usoni, inayorudi inasukumwa mgongoni. Ndiyo maana London hadi New York ni karibu saa 8, na kurudi kama 7. Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipoivamia Atlantiki, ndege moja ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa muda usiofika saa 5.

Njia yetu haipigwi na upepo huo mwanzo hadi mwisho, maana inaanzia karibu na ikweta ambako mkondo huo haupo. Hata hivyo, upepo wa wastani wa kilomita 60 tu unatosha kuleta tofauti. Ndege yenye kasi ya 900 ikipingwa inakwenda 840 na kumaliza kilomita 11,840 kwa saa 14 na dakika chache. Ikisukumwa inakwenda 960 na kumaliza kwa saa 12 na dakika 20. Hapo hujahesabu mwendo wa ardhini. Kwa hiyo usishangae ndege ya Januari kuchelewa na ya Julai kuwahi, na rubani ni yule yule.

Halafu kuna mwinuko, ambao abiria wachache wanaufikiria. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, hivyo mabawa hayapati nguvu ya kutosha na injini nazo zinapungukiwa. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 ni nzito mno. Inahitaji njia ndefu ya kurukia, au ipunguze abiria na mizigo. Usiku wa Nairobi una ubaridi, na hiyo ni sababu mojawapo ya safari ndefu kupaa usiku. JFK iko pembeni kabisa ya bahari, kwa hiyo wakati wa kurudi hapana shida hiyo. Addis Ababa ni mfano mkali zaidi: uwanja wake uko juu ya mita 2,300, na baadhi ya safari za Ethiopian kwenda Marekani hutua njiani kuongeza mafuta, ilhali za kurudi zinaunganisha moja kwa moja. Ukinunua tiketi ya kupitia Addis, angalia kama kuna kituo cha namna hiyo. Hamshuki, lakini muda unakwenda.

La mwisho ni siasa. Uzi wetu wa kwenye tufe haujui vita. Anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 mapigano yalipoanza Khartoum, na ndege nyingi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na abiria wa Doha wakatawanywa viwanja vya nchi za watu. Njia ya uzi ndiyo kima cha chini. Ndege halisi daima hukata kilomita zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Soma saa za tiketi bila kudanganyika

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ni hatua ambayo ningependa uisome mara mbili.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya pale ndege ilipo wakati huo. Saa ya kupaa ni ya Nairobi, ya kutua ni ya New York. Huwezi kutoa moja kwenye nyingine mpaka uzilete kwenye saa moja, na iliyo rahisi ni UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko mbele ya UTC kwa saa 3, mwaka mzima. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko mbele kwa 2, Kinshasa kwa 1. New York iko nyuma kwa saa 5 wakati wa baridi na kwa 4 wakati wa joto, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tofauti ya Nairobi na New York basi ni saa 8 kipindi cha baridi na 7 kipindi cha joto.

Tuseme tiketi ya Desemba inasema: NBO 23:25, JFK 06:25 (+1).

- Kupaa: 23:25 ya Nairobi, toa 3, ni 20:25 UTC.
- Kutua: 06:25 ya New York, ongeza 5, ni 11:25 UTC ya siku ya pili.
- Kutoka 20:25 hadi 11:25 ni saa 15 kamili.

Na kurudi, JFK 12:25, NBO 10:55 (+1): 12:25 ongeza 5 ni 17:25, 10:55 toa 3 ni 07:55. Kati yake ni saa 14 na nusu. Upepo umejionyesha.

Ile (+1) maana yake unatua siku inayofuata kwa kalenda ya huko. Usiipuuze unapoweka nafasi ya hoteli. Na saa hizi zinahesabiwa kuanzia ndege inapoondoka langoni hadi inapofika langoni, ndiyo maana ratiba huonekana ndefu kuliko rubani anavyotangaza. Mashirika pia huweka akiba ya dakika kadhaa ili yasihesabiwe yamechelewa. Ukisikia "tumefika mapema dakika ishirini", mara nyingi ni akiba hiyo imerudi.

Sasa mfumo wetu wa saa. Tiketi inatumia saa 24, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Toa 6 kwenye saa ya tiketi. Ikibaki zaidi ya 12, toa 12 nyingine; ikibaki 0, ni saa kumi na mbili. Saa ya tiketi ikiwa chini ya 6, ongeza 6 badala ya kutoa. 23:25 inakuwa saa tano na dakika 25 usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Mzee wa nyumbani ukimwambia "ndege ni 23:25" atatikisa kichwa kwa heshima na asiwe amekuelewa; mwambie saa tano na nusu kasoro dakika tano usiku, na kwamba atoke nyumbani saa moja jioni.

Mtego mkubwa ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikiandika Jumatano tarehe 15, 00:15, hiyo ni usiku wa kuamkia Jumatano. Unatakiwa uwe uwanjani Jumanne jioni, tarehe 14. Anayefunga begi Jumatano mchana ndege yake imeshatua kwingine, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishwi mtu asipotokea. Ukimnunulia mtu mwingine tiketi ya saa hizo, mwandikie siku ya kutoka nyumbani kwa maneno.

Hatua ya 6: Pima vituo kabla ya kupima bei

Safari ya moja kwa moja haiingii kwenye kila ratiba wala kila bajeti. Wengi watapitia mahali. Ukizipima njia kwa uzi ule ule, kutoka Nairobi hadi JFK:

- moja kwa moja: kilomita 11,840
- kupitia Addis Ababa: 12,360
- kupitia London: 12,380
- kupitia Amsterdam: 12,530
- kupitia Doha: 14,120

London na Amsterdam zimekaa karibu na njia. Unaongeza kilomita mia tano hadi mia saba tu. Doha iko kaskazini-mashariki, yaani unaanza kwa kuipa New York mgongo, na mwisho wa hesabu umeongeza kilomita 2,280. Kwa kanuni ya hatua ya 3, Nairobi hadi Doha ni saa 4 na dakika 27, Doha hadi JFK saa 13 na dakika 10. Ratiba huwa juu ya hapo kwa kuwa kipande cha pili kinapanda upepo, na ukiweka saa 3 za kusubiri huna pungufu ya saa 21. Hata hivyo siwezi kumkataza mtu. Doha na Dubai zina faida ya kukatiza safari, mtu mzima akanyoosha miguu, akaswali, akala chakula cha moto. Kuna watu ambao saa 15 kwenye kiti kimoja hawaziwezi, na bei ya Ghuba mara nyingi ni nafuu.

Muda wa kuunganisha ndege ndio wa kuangaliwa. Chini ya saa moja na nusu kwenye kiwanja kikubwa ni kujitafutia presha, hata kama mtandao umekubali kuuza. Zaidi ya saa sita unaanza kuhitaji pa kulala. Na hakikisha vipande vyote viko kwenye tiketi moja. Kipande cha kwanza kikichelewa, shirika litakutafutia ndege nyingine bila malipo. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya pili imekufa na hakuna wa kumlaumu. Kwa anayetoka Dar, Zanzibar au Mwanza hili ni la maana zaidi, maana kipande cha kuja Nairobi ndicho watu hununua peke yake ili kuokoa pesa.

Angalia pia pasi yako. Ulaya ya Schengen, yaani nchi zinazotumia viza moja, huwataka raia wa nchi kadhaa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo, wawe na viza hata ya kupita uwanjani tu, isipokuwa wenye viza halali ya Marekani. Uingereza ina orodha yake. Soma masharti ya kituo kabla ya kulipa.

Abu Dhabi nayo ina jambo lake: tangu 2014 maofisa wa uhamiaji wa Marekani wako hapo hapo uwanjani. Unahojiwa na kukaguliwa kabla ya kupanda, na ukitua Marekani unatoka kama abiria wa safari ya ndani. Raha sana ukifika, lakini foleni umeihamishia Abu Dhabi tu, kwa hiyo usikubali muda mfupi wa kuunganisha hapo.

Hatua ya 7: Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Chukua karatasi uandike kila kipande.

Nyumbani hadi uwanjani: barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa 2022 kati ya Westlands na Mlolongo, imefupisha sana safari ya kutoka upande wa magharibi wa jiji kwa anayekubali kulipia. Wa Thika Road au Rongai jioni ya Ijumaa yenye mvua aweke saa 2. Kabla ya kufika kwenye majengo kuna kizuizi cha ukaguzi wa usalama. Foleni yake ukiifikia saa mbili usiku inaweza kukupotezea nusu saa.

Uwanjani: fika saa 3 kabla. Safari za Marekani zina maswali na ukaguzi wa ziada karibu na lango, na hiyo si ya kuharakishwa.

Angani: saa 15.

JFK: kushuka, foleni ya uhamiaji, kusubiri mizigo, forodha. Weka saa moja na nusu hadi mbili. Asubuhi mapema huwa afadhali, maana ndege nyingi za Ulaya zinatua mchana na alasiri. Kuelekea mjini kuna treni ya AirTrain hadi kituo cha Jamaica, kisha treni za kawaida. Weka saa moja na kitu hadi katikati ya Manhattan.

Jumla: 2 + 3 + 15 + 2 + 1 ni saa 23. Hiyo ndiyo "siku nzima" ya yule mtu wa tatu, na hapa hata Doha hatujaigusa.

Wengi wa Waafrika Mashariki hawaishii New York. Wanakwenda Minneapolis, Columbus, Dallas, Houston. Kwao, isipokuwa aliyekaguliwa Abu Dhabi, kanuni ya kawaida ni hii: kwenye kiwanja cha kwanza cha Marekani unapita uhamiaji, unachukua begi lako mwenyewe, unapita forodha, kisha unalikabidhi tena kwa safari ya ndani. Hata kama lebo imeandikwa Minneapolis, begi linakusubiri JFK. Acha saa 3 au zaidi kati ya kutua na ndege ya pili. Minneapolis, Dallas na Chicago pia ziko nyuma ya New York kwa saa moja, kwa hiyo tofauti na Nairobi inakuwa 9 baridi na 8 joto. Arizona haisogezi saa. Kwao ni 10 mwaka mzima.

Hatua ya 8: Panga mwili nao

Ndege inayokwenda magharibi usiku inakimbia na giza. Jua limezama Nairobi saa kumi na mbili na nusu. Desemba linachomoza New York saa moja na robo asubuhi, ambayo kwa Nairobi ni saa tisa na robo alasiri. Umeishi usiku wa saa ishirini hivi. Hakuna haja ya kulazimisha usingizi mara ndege inapopaa. Kula, angalia filamu moja, lala kuanzia Chad. Ukiamka kabla ya Azores bado una saa tano za kulala tena.

Kila saa moja au mbili simama, tembea hadi nyuma na kurudi. Miguu iliyovimba na damu kuganda ni hatari ya kweli kwenye safari za urefu huu, zaidi kwa wajawazito, wazee na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Kunywa maji, hewa ya ndani ni kavu. Mwenye dawa za sukari au presha amuulize daktari wake mapema namna ya kusogeza saa za dozi, na dawa zikae kwenye begi la mkononi, si lile la chini.

Siku za kwanza New York utaamka saa tisa usiku ukiwa na njaa ya chakula cha mchana, kwa sababu Nairobi ni saa tano. Usipigane nayo kwa kulala mchana kutwa. Toka nje, pata mwanga wa jua, vumilia hadi saa tatu usiku. Kurudi Nairobi kwa kawaida ni kugumu zaidi, maana mwili unalazimishwa kulala kabla haujachoka. Usijipangie mkutano wala harusi siku ya kutua.

Kabla hujabonyeza "lipa"

Ukishachagua, mtumie anayekupeleka na anayekupokea ujumbe mmoja wenye namba ya ndege, herufi za uwanja, siku kwa jina, tarehe, na saa kwa mifumo yote miwili. Kwa mfano: "Natua Jomo Kenyatta (NBO) Jumapili tarehe 21, 10:55, yaani saa tano kasoro dakika tano asubuhi." Anayekupokea asitoke nyumbani kwa saa hiyo kavu, aingize namba ya ndege mtandaoni asubuhi ile aone imeondoka New York saa ngapi. Ikiwa imeondoka kwa wakati, aongeze saa moja ya uhamiaji na mizigo ndipo awashe gari, maana maegesho ya pale hulipiwa kwa saa.